Lile Povu Halikuwa Jicho



Kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia katika majumba yetu: "Nitatengeneza mwenyewe." Mwanamume akishayatamka hayo mbele ya gari, mjadala umefungwa. Kashaangalia video ya dakika nane YouTube, kashaazima spana kwa jirani, kashavaa fulana yake mbovu, na mkewe kazi yake ni kuleta chai na kushika tochi. Jambo likiharibika, ni mtihani kutoka kwa Mola. Likiharibika zaidi, ni jicho la watu.

Sina ugomvi na mume anayependa kuishika gari yake kwa mikono. Ninachogombea ni hiki: gari inayobeba mke, mama mkwe na watoto ni amana, na asiyejua amuulize anayejua, hata kama huyo anayejua amevaa buibui na mikono yake ina hina. Nitakupeni kisa. Chekeni kwanza, kisha tuzungumze.

Kisa chenyewe ni cha harusi ya watu wangu wa karibu. Sitowataja wala sitoutaja mtaa, na bi harusi kaniruhusu nikisimulie kwa sharti moja tu, kwamba lile suala la biriani nilieleze kama lilivyokuwa, nisilitie chumvi.

Bwana harusi ni kijana mzuri, ana dini yake, ana kazi yake, na ana gari ndogo ya Kijapani anayoipenda kama mboni ya jicho. Siku moja kabla ya nikaha akaamua aifanyie sevisi mwenyewe. Fundi alimtaka shilingi 25,000 kuikagua, na kwa mtu aliyekwishalipa mahari, begi, ukumbi na wapambaji, hizo 25,000 aliziona za kuonewa. Akapima oili, akajaza upepo, akasugua matairi mpaka yakang'ara. Yote hayo sawa, Mungu amlipe. Kisha akasema kioo cha mbele lazima kinukie, maana atakayepanda ni bi harusi. Akachanganya maji, sabuni ya kuoshea vyombo na chupa nzima ya marashi mawaridi, akafungua boneti, akaanza kulitafuta tangi la maji ya wipa.

Chini ya boneti ya gari nyingi za aina ile kuna matangi mawili meupe, yanafanana kama mapacha. Moja ni la maji ya wipa. Jengine ni la akiba ya rejeta, yaani yale maji yanayozunguka kwenye injini kuipooza. Vifuniko vina alama, na pengine maandishi ya Kijapani, kwa sababu gari zetu nyingi zinafika hapa zikiwa zimeshaishi maisha yao ya kwanza Japani. Nyengine mpaka leo ukiziwasha zinakusalimia kwa lugha ambayo hakuna aliyemo ndani anayeielewa. Bwana harusi akaona tangi jeupe limekaribia kukauka, akafurahi, akamimina mchanganyiko wake wote.

Asubuhi akaendesha mpaka msikitini. Safari fupi, lakini injini ikapata moto. Akaizima, akaingia kuoa. Sasa rejeta ina tabia moja: injini ikipata moto maji yanatanuka na mengine yanasukumwa kwenye tangi la akiba, na ikipoa inayavuta kuyarudisha ndani. Kwa hiyo wakati khutba ya ndoa inasomwa na bwana harusi kashikana mkono na walii, kule nje gari ilikuwa inakunywa sabuni kimya kimya.

Jioni ikaja safari ya kumchukua bi harusi. Beni mbele, honi, pikipiki, msafara unakwenda mwendo wa kobe, na kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho kwa sababu lile gauni lilikuwa zito kama godoro. Bwana harusi alikataa kumpa mtu usukani. Nyuma kakaa bi harusi na shangazi yake. Huyu shangazi nataka mumjue vizuri. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, ameendesha gari ya watoto wa skuli kwa miaka mingi, na sauti ya injini anaijua kama anavyoijua sauti ya mjukuu wake anayetaka kulia. Hawajafika mbali akachungulia dashibodi, akasema, "Baba, nasikia harufu ya sabuni, na mshale wa joto umepanda. Simama pembeni." Bwana harusi akacheka kwa adabu. "Shangazi, leo siku yako ya kustarehe. Haya mambo ya gari tuachie sisi."

Shangazi akanyamaza, na gari ikaendelea kupanda joto.

Povu lilianza kidogo kwenye pembe ya boneti, jeupe, laini, kama maziwa yanayotaka kufurika. Kisha likatoka kwa wingi. Likafunika maua, likafunika riboni, likaanza kupeperuka na upepo wa jioni, na wallahi lilikuwa linanukia mawaridi. Wanawake waliokuwa gari ya nyuma wakapiga vigelegele, walidhani ni mapambo mapya yaliyoletwa kutoka Dubai. Mpiga picha akaruka kutoka kwenye pikipiki, akapiga picha tele kabla hajajua anachokipiga. Watoto wakatoka vichochoroni wanaitana, "Njooni muone gari inafua!"

Na yote hayo ni ya kuchekesha, hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini sikilizeni kilichofuata. Bwana harusi akashuka na joho lake na kilemba chake, akafungua boneti, akazungusha pembe ya joho mkononi, akataka kufungua kifuniko cha rejeta atazame kuna nini ndani. Maji ya kwenye birika yanachemka yakifika digrii 100. Ya kwenye rejeta yamebanwa, kwa hiyo yanaweza kupita hapo na bado yakawa hayajachemka, yanasubiri tu mtu ayafungulie. Ukifungua, yanachemka yote kwa pamoja na yanaruka juu, usoni, kifuani, mikononi. Mwenye kuwahi kumwagikiwa na uji wa moto anajua ninachosema, na huu ungekuwa zaidi ya uji. Shangazi hakusubiri kuruhusiwa. Alishuka na viatu vya harusi, akamkamata mkono mkwe wake mbele za watu, akamwambia, "Mwanangu, ukifungua hicho, leo utalala hospitali badala ya kwako."

Akaizima gari, akawaambia watu waache ipoe yenyewe. Bi harusi akapakiwa kwenye Noah ya nyuma, ambayo ilikuwa imebeba masufuria mawili ya biriani ya kupelekwa kwa mume. Akakaa katikati yao. Kwa hiyo zile siku saba za singo, udi na mafusho zikaishia hapo, akaingia kwa mumewe ananukia bizari na vitunguu vya kukaanga. Sufuria halikumwagika. Hili ndilo nililoahidi kulieleza kama lilivyo, maana mtaani wanasema lilimwagika.

Sasa ndiyo nimefika ninapopataka. Mnajua usiku ule maneno yaliyozunguka yalikuwa gani? Hayakuwa "nani aliweka sabuni". Yalikuwa "jicho". Bi harusi kaonekana mzuri mno, msafara umekuwa mrefu mno, picha zimewekwa mtandaoni mapema mno. Mmoja akapendekeza gari ifukizwe ubani. Mwengine akaanza kuhesabu nani hakusema mashaAllah pale ukumbini, na jina la binti mmoja, maskini, ambaye aliwahi kuposwa na kijana yule, likaanza kutajwa jikoni. Binti hakuwepo hata harusini! Siku ya pili fundi alifungua rejeta, akatia kidole, akauliza swali moja: "Nani kaweka sabuni humu?" Wakaisukutua mara tatu mpaka maji yakatoka safi. Lakini jina la yule binti lilikuwa limeshatoka midomoni mwa watu, na jina halisukutuliwi.

Jicho ni kweli. Mtume (s.a.w.) ametuthibitishia hivyo, wala mimi si wa kulikanusha. Tunajikinga kwa adhkari, tunasoma Falaq na Nas, tunasema mashaAllah. Lakini kumtuhumu mtu kwa jambo ambalo sababu yake iko wazi ndani ya tangi, hiyo ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhambi. Mnaona hatari yake? Mwanamume kakosea tangi, na aliyelipa ni mwanamke asiyekuwepo. Ninaliona hili mara nyingi kuliko ninavyotaka. Tairi limepasuka kwa sababu halijabadilishwa tangu lilipotoka bandarini, tunasema hasidi. Betri imekufa kwa sababu hewa yetu ya chumvi imezila ncha zake na hakuna aliyezisafisha, tunasema hasidi. Injini imechemsha kwa sababu miaka mitatu inajazwa maji ya kisima, na maji ya visima vyetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa ile ile unayoikwangua ndani ya birika lako. Kama inagandia kwenye birika, kwa nini isigandie kwenye rejeta? Hapo pia tunasema hasidi. Siku ya Kiama huyu hasidi wetu atakuja na madai mengi sana.

Nina kisa kingine, na hiki sitaki mtu acheke.

Mama mmoja ninayemjua, ana watoto watatu, kila alasiri anawapeleka chuoni kwa gari. Mumewe alibadilisha pedi za breki mwenyewe uani. Pedi ina pande mbili: upande mmoja ni ule unaosugua diski na kuisimamisha gari, upande mwengine ni bamba la chuma la kuishikilia. Bwana akazipachika mbili kinyume, chuma kikawa kinatazama diski. Gari ikaanza kulia kama mtu anakwaruza sufuria kwa kijiko. Mama akasema siku ya kwanza, akajibiwa pedi mpya zote hulia, zinajizoesha. Akasema siku ya pili, akaambiwa apandishe sauti ya kaswida asiisikie. Wallahi ndivyo alivyoambiwa. Siku ya tatu, kwenye mteremko unaoingia barabara kubwa, akakanyaga breki na gari haikusimama pale ilipotakiwa kusimama. Akaipeleka kwenye ukuta wa watu kwa makusudi kuliko kuiacha iingie barabarani. Taa ikavunjika, na mtoto wake wa katikati akapasuka mdomo, akashonwa.

Na mtaani kukasemwa nini? "Wanawake na gari."

Yule mama hakujibu. Ukuta ulijengwa upya, watu wakacheka, mama mkwe akashauri asiendeshe tena, na yeye kimya, kwa sababu amefunzwa kumstiri mumewe. Hapa ndipo ninapokasirika, na naomba masomo na makungwi wanisamehe kidogo, maana nawaheshimu na mimi mwenyewe nina somo yangu. Tumefunzwa kuwa mume na mke wanastiriana kama nguo inavyostiri mwili. Ni haki, na ni jambo zuri kuliko mengi tuliyonayo. Lakini tunalitumia kufunika kisichofunikwa. Ukimstiri mumeo kwa kuwa anakoroma, kwa kuwa aliungua chapati, kwa kuwa alilia siku timu yake ilipofungwa, hiyo ni sitara. Ukipakia watoto kwenye gari ambayo unajua breki zake zimefungwa na mtu asiyejua, unamstiri nani? Mume hajafichwa aibu yoyote hapo. Watoto ndio wamewekwa hatarini. Na hao watoto nao wana haki kwako.

Nazijua hoja za upande wa pili, nimezisikia kwenye baraza na kwenye ujumbe mnaonitumia. Ya kwanza ndiyo nzito, nayo ni kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake na kuwasaidia wakeze kazi za nyumbani. Hivyo ndivyo alivyotusimulia Bi Aisha, Allah amridhie. Kwa hiyo mume anayejitengenezea vitu vyake anafuata Sunna, na wewe mwandishi unamkejeli?

Simkejeli hata kidogo. Nampenda mume wa namna hiyo, na ninyi mnaotafuta wachumba mtafuteni huyo huyo. Lakini tazameni kilichosimuliwa: alishona viatu, na kiatu alikijua. Hatukusimuliwa kwamba alijitia kazi asiyoijua na kukataa kushauriwa. Kinyume chake, Surat An-Nahl katika aya ya 43 inatuelekeza tuwaulize wenye ujuzi pale ambapo hatujui. Na wanavyuoni wameeleza tangu zamani, kutokana na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine, kwamba mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mwili wa binadamu na breki ya gari si kitu kimoja, najua. Ila mimi sijaona kwa nini yule anayekata nyama ya mtu bila ujuzi awe na dhamana, na huyu anayelegeza nati ya gurudumu la watu watano awe "anajaribu tu".

Hoja ya pili ni kwamba mafundi wezi. Hapa sitobishana sana, kwa sababu wapo. Wapo wanaokuonesha spea mpya na kufunga ya zamani, na wapo wanaomwona mwanamke kaingia gereji peke yake na bei inapanda kabla hajateremka. Lakini dawa ya fundi mwizi ni fundi mwaminifu. Kaulize kwa majirani, waulize madereva wa daladala maana wao gari ikilala njaa inaingia ndani, na kila kilichobadilishwa dai ukikione na uondoke nacho. Fundi aliyebadilisha kweli hatochukia kukurudishia pedi yako kuukuu. Na kama unaona haya kwenda peke yako, nenda na kaka yako au na jirani. Gereji zetu ziko wazi, kando ya barabara, watu wamejaa. Aliyetuambia kwamba mwanamke mwenye stara hawezi kusimama pale akauliza bei ya pedi ni nani? Sokoni Darajani tunasimama saa nzima kugombana na muuza samaki, na stara yetu haipungui.

Hoja ya tatu haisemwi wazi, lakini ndiyo iliyomnyamazisha shangazi: ujuzi wa mwanamke si ujuzi. Anaweza kuendesha gari miaka ishirini, kuona moshi kabla haujatoka, kusikia beringi kabla haijavunjika, na bado kijana wa juzi akamwambia astarehe. Kwa hawa nina mfano mmoja, nao si wangu. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaybiya, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wachinje na wanyoe, na kwa huzuni waliyokuwa nayo hakuna aliyeinuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Bi Ummu Salama akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakafuata. Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, katika siku nzito kama ile, alisikiliza rai ya mkewe na akaifanyia kazi. Na wewe, bwana wee, una gari iliyotembea kilomita laki mbili na tangi limejaa sabuni, unaona haya kumsikiliza shangazi?

Haya, nirudi kwa bi harusi, maana najua wengi mnaonisoma mna tarehe mkononi na hina imeshaagizwa.

Tunakaa ndani siku saba. Tunasuguliwa singo, tunafunzwa kufukiza nguo, kutandika kitanda kwa asumini, kusema na mume akiwa na njaa na kusema naye akiwa ameshiba. Mambo mazuri yote. Lakini leo bi harusi wengi wanaendesha, na asiyeendesha atapandishwa. Sioni kwa nini somo asimpeleke mwari wake uani kwa nusu saa, boneti ikafunguliwa gari ikiwa baridi, akaoneshwa: hapa unapima oili, unachomoa, unafuta, unarudisha, unachomoa tena unatazama. Hili tangi la wipa. Hili la rejeta, usilifungue likiwa la moto hata akuambie nani. Gari ikichemsha, zima kiyoyozi, simama pahali salama, zima injini, kaa chini kivulini nusu saa na zaidi, vuta uradi. Hiki kidogo ni cha mafuta ya breki, na humu hakiingii kitu chengine kabisa. Oili ya injini ikiingia humu inavimbisha mipira ya breki, na siku utakayoihitaji haitokuwepo. Nusu saa tu, na singo haitokauka.

Jambo jengine la kumwambia mchumba kabla ya nikaha, kwa upole, wakati mnaongea habari za kodi na wapi mtaishi: gari ataishughulikia nani? Sisemi muliandike kwenye mahari, mashehe watanifukuza. Ulizeni tu. Akisema anapenda kuitengeneza mwenyewe, mwambie alhamdulillah, na mgawane: kujaza upepo, kubadilisha tairi, kupima oili, kubadilisha mipira ya wipa, kusafisha ncha za betri, hayo afanye yeye au ufanye wewe, na ni mazoezi mazuri ya fungate. Breki, usukani, na kila kazi inayomtaka mtu aingie chini ya gari, vina mwenyewe. Hilo la kuingia chini nalitilia mkazo, kwa sababu nimewaona wanaume wamelala chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, tena juu ya mchanga wetu huu laini, na mke kashika tochi pembeni. Jeki ni ya kubadilishia tairi. Inateleza, inazama. Ukimwona mumeo anaingia chini kwa namna hiyo, kataa kushika tochi. Akinuna, mpikie urojo, atanunulika.

Na kama kashakataa kusikia, kashafungua mabreki uani na unajua hajui, una ruhusa yangu (na ya akili yako) kutopanda mpaka fundi aitazame. Hakuna haja ya ugomvi wala kumtangaza kwa mashoga. Sema tu, "Mume wangu, tutapanda gari ikishakaguliwa," kisha chukua daladala na watoto, nauli unayo. Mume anayempenda mkewe atakasirika mpaka magharibi, na baada ya isha atampigia fundi.

Kabla sijasahau: hivi vifuniko vya Kijapani visikusumbueni. Chukueni kalamu ya wino mzito isiyofutika na maji, hizi za kuandikia ndoo za msibani. Kwenye tangi moja andikeni WIPA, kwenye jengine REJETA, na kwenye kile kikopo kidogo cha breki andikeni kwa herufi kubwa kabisa: MWITE FUNDI.

Maasalaam.